Bibi Aliyetangulia Kuonja

Mwaka ule baada ya vita vya Maji Maji, bonde la Kilombero halikuwa na mpunga wa kula wala wa kupanda. Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma maghala, na waliokoswa na risasi wakamalizwa na njaa. Dionisi, mtu wa Lumemo, alipata kibarua kwenye shamba la pamba la mzungu mmoja. Ujira wenyewe haukushibisha hata kuku. Nyumbani alikuwa na mkewe Balbina, binti yao mdogo Kandida aliyebaki mifupa na macho, na bibi yake mzaa baba, Yosefina, aliyebatizwa uzeeni, ila ulimi wake haukubatizwa.

Pamba ilivamiwa na viwavi. Mnyapara akaja na mfuko wa kitambaa chepesi, akawa anaukung'uta juu ya mistari, na unga wa kijani ukashuka kama vumbi la pumba. Viwavi wakaanguka. Chini ya pamba hiyo yalikuwa yameota maboga yenyewe, majani mapana, laini. Vibarua waliyameza kwa macho mchana kutwa. Jioni Dionisi akachuma, akajaza kikapu.

"Yamenyunyiziwa haya?" Bibi akauliza, akipitisha kidole juu ya jani. Kidole kikatoka na kijani.

"Iliyonyunyiziwa ni pamba. Haya yalikuwa chini tu."

"Na mvua ikinyesha, aliye chini halowi?"

Dionisi alikasirika. Mtoto alikuwa amelala tangu asubuhi, hata kulia alikuwa ameacha. "Bibi, huyu tunamzika. Tupike."

"Tutayafanya kama ndiga, mume wangu," Bibi akasema, kwa utani wa bibi na mjukuu.

Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu, na kila mtu wa bonde anajua kukila. Unakikata vipande, unakitia kikapuni, unakizamisha kwenye maji yanayokwenda mpaka uchungu uishe. Kisha mkubwa wa nyumba anakula kwanza, peke yake, na wengine wanangoja mpaka kesho yake. Mzee ameshakula chumvi yake.

"Maji yalishatudanganya," Dionisi akasema. "Tuliambiwa yatageuza risasi."

"Risasi haikulowekwa," Bibi akajibu.

Majani yakalala mtoni usiku kucha, na Kandida akalambishwa uji wa mizizi ya mgomba. Yalipotolewa hayakuwa na kijani wala harufu, Bibi mwenyewe akaridhika. Hapo walikosea wote. Uchungu wa ndiga ulimi unaujua. Unga ule haukuwa na ladha, na ulikuwa umejificha kwenye vinyweleo vya majani.

Balbina akapika. Dionisi akachota tonge, akalipeleka mdomoni kwa mtoto. Bibi akampiga mkono kwa mwiko.

"Tangu lini umenizidi umri?"

Akala yeye, bakuli zima, mtoto akimwangalia. Dionisi akatoka nje asije akamtukana.

Jua halijainama, Bibi akashika tumbo. Alitapika, akaharisha maji matupu, misuli ya miguu ikamkaza. Dionisi akamshika kichwa na kumnywesha maji kidogo kidogo.

"Kandida?" Bibi akauliza.

"Hajala."

"Vizuri," akasema, akatapika tena.

Balbina alikifukia chungu na vyote vilivyokuwamo. Dionisi akakimbia nyumba hadi nyumba za vibarua wenzake kuwaonya. Kwa Eustaki, aliyetega migono ya samaki mtoni na siku nyingi akaitoa mitupu, mboga ilikuwa inatokota na watoto wamekaa mkao wa kula. Eustaki alisikiliza hadi mwisho, akainua chungu na kukimwaga nyuma ya nyumba.

Siku iliyofuata mgono wake mmoja ulishika kambale. Alimkata katikati, nusu yenye kichwa akaipeleka kwa Dionisi.

"Ya Bibi," akasema. "Wanangu wamelala wazima."

Bibi alinywa mchuzi, na uliobaki akanywa Kandida. Bibi hakufa, ingawa nyayo zilimwaka moto na kubanduka ngozi, na tangu hapo alitembea kwa fimbo. Kabla vidonda havijapona, Dionisi ndiye aliyembeba kwenda kuota jua.

Asubuhi moja alimkalisha chini, naye mwenyewe akabaki amepiga magoti mbele yake.

"Bibi, mimi maneno siyawezi. Asante."

"Asante ya nini? Nilikuwa na njaa."

Dionisi hakucheka. Alimshika miguu yote miwili, taratibu kwa sababu ya vidonda, akakaa naye hivyo mpaka mnyapara alipopiga ngoma ya kazi.