Nzuri Tu, Sista

Kufikia saa nane Joyline alikuwa ameuliza maswali yale yale mara kumi na moja, na jibu lilikuwa lile lile. Dawa inawasha? Hapana, sista. Macho inavimba? Hapana. Ni nzuri tu, Mungu awabariki.

Yeye alikuwa nesi wa utafiti kwenye kliniki ya macho huko Homa Bay, mwaka wa tisini na sita. Walikuwa wanajaribu mafuta mpya ya macho ya kuua virusi, waone kama yanatibu bila kuumiza mtu. Nusu ya wagonjwa walipewa mafuta mpya, nusu yale ya zamani. Tyubu hazikuwa na jina, ni namba tu, hata yeye hakujua nani ana gani. Alikuwa amechoka, mpaka kalamu ilikuwa nzito kama jembe.

Mgonjwa wa kumi na mbili aliingia polepole, leso kwa jicho. Alikuwa Nyasuguta, mama yake Mniko, mkulima wa tumbaku kutoka Kegonga. Jicho la kushoto lilizimika akiwa msichana. Hili la kulia ndilo alibaki nalo.

"Karibu, Mama Mniko. Umelala wapi?"

"Kwa dada yangu, Rodi Kopany. Kunguni ya huko haijui mgeni."

Joyline akacheka kidogo, akafungua fomu. "Dawa inawasha?"

"Hapana. Nzuri tu."

Lakini leso ilipotoka, jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, kope zimevimba.

"Na hii ni nini?"

"Moshi ya tumbaku, sista."

"Tumbaku gani mwezi huu? Si mlimaliza kukausha?"

Mama akaangalia chini.

Joyline aliweka kalamu. Hata kwao, ukipewa uji kwa watu, husemi imeungua. Unakunywa, unashukuru. Hawa wamepewa dawa bure, nani ataitusi?

"Haya, tuache jicho lako. Jirani yako akiugua hivi, na wewe ndio unampaka hii dawa, utamwambia nini?"

Mama akainua kichwa. "Huyo? Nitamwambia akae chini, ashike mguu ya kitanda! Inachoma kama pilipili, unaweza kupika ugali mpaka iive na bado inachoma. Asubuhi jicho haifunguki, aoshe na maji ya vuguvugu. Na kila siku inazidi." Akashtuka, akafunika mdomo. "Sista, usiandike! Mtanitoa kwa kliniki, na sina jicho lingine."

"Naandika, mama. Hii dawa si mimi nilipika."

Akamwita Daktari Cephas, ambaye aliangalia jicho na tochi muda mrefu.

"Hii tunasimamisha leo," alisema. "Kioo cha jicho bado kizima. Wiki moja zaidi, sijui. Utameza vidonge, mama, na utaendelea kuja. Hakuna mtu anakutoa."

Nyasuguta akapumua, akafunga vidonge kwa pindo la leso.

"Kwa hivyo hapa mtu anaweza kusema ukweli?"

"Sema, mama."

"Basi hata uji yenu ya asubuhi ilikuwa imeungua."

Joyline alicheka mpaka akatoa machozi. Halafu akaona zile fomu kumi na moja mezani, zote nzuri tu. Wagonjwa wenyewe walikuwa nje, wanasubiri gari ya kurudi nyumbani. Akavaa viatu alivyokuwa amevua chini ya meza, akatoka kuwaita tena, mmoja mmoja.