Soya za Nyuma ya Nyumba

Mbegu ya soya haina miguu. Nilimkabidhi mkamwana wangu Joanitha mfuko wa mbegu tulizogawiwa na kikundi cha akina mama wa usharika, nikamwonyesha na pa kupanda: nyuma ya nyumba, pale mnyauko ulipomaliza migomba na udongo bado umeshiba samadi. Nilitegemea ajaze. Zilipoota nikaenda kuangalia, nikakuta mche hapa, mche kule, katikati mtu angeweza kutandika mkeka akalala.

"Mbona zimeachana hivi?" nikamuuliza.

"Zitatanuka, Mae," akajibu, akiniita mama kwa lugha yetu, akaendelea kumenya ndizi.

Majibu mafupi namna hiyo hunitia wasiwasi. Tangu nilipoolewa hapa Kanazi napanda maharage, na maharage huyapimii nafasi. Unayafukia chini ya migomba, yanajijua yenyewe. Huyu katoka Muleba juzi tu, eti anifundishe kupanda! Nusu ya mbegu haikuingia ardhini pale. Ilikwenda wapi?

Nikaanza kumchunga. Alikuwa akichukua mundu na kamba, anasema anakwenda rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi nje ya kijiji, kukata nyasi za kutandaza kwenye kibanja chetu, shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Anakaa huko asubuhi nzima, anarudi na mzigo mdogo na kucha zimejaa udongo. Tangu lini nyasi zikachimbwa? Akienda kuteka maji nilipekua chumba chake, nikapanga tena vitu vyake vizuri. Sikuona kitu, na hilo likanitia shaka zaidi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanangu Dastan yuko Mwanza kikazi, humu ndani tumebaki wawili, na simu zake zinaanzia kwa mkewe. Kwetu kibanja ni cha ukoo. Mwanamke akitaka kitu chake mwenyewe, hukilima rweya. Niliogopa, nasema wazi, kwamba huyu binti anajiandaa kuniacha.

Soya za nyuma ya nyumba nazo, kama za kunichokoza, zikanenepa. Kila mche ulitoa matawi mpaka ukamgusa jirani yake, maganda yakaning'inia toka chini hadi juu. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilijiuliza zile nyingine zinamneemesha nani.

Ndipo nikamchukua shemeji yangu Kahigi awe shahidi, tukamfuata. Kahigi alilalamika njia nzima.

"Vestina, wewe ukikosa mwizi utajishuku mwenyewe."

Tulimkuta nyuma ya kichuguu, aking'oa magugu katika shamba la soya. Miche ilikuwa mifupi, haina matawi, kila mmoja na maganda machache. Lakini ilibanana hata ardhi haionekani.

"Mbegu zangu hizo!" nikapaza sauti. "Nyumbani umenitawanyia kama mtu anayetia chumvi, huku umerundika!"

Hakushtuka. Alijifuta mikono kwenye kitenge.

"Nyumbani udongo una nguvu, Mae. Ukizibana kule zinarefuka, zinagombania jua, mwisho zinaanguka. Huku udongo ni hafifu, mche hautanuki hata uupe uwanja mzima. Usipozibana, unavuna magugu. Kwa baba ndivyo tulivyolima."

Kahigi alichuma ganda, akalipasua, akatafuna punje moja.

"Anasema kweli," akasema. "Sasa kosa liko wapi? Si zote zinarudi nyumba ile ile?"

"Muulize ni za nani," nikamwambia.

Joanitha akajibu mwenyewe, taratibu, akinitazama mimi.

"Za huku ni zangu. Mbegu zilibaki, nikazitumia, na nitazirudisha kwenye mfuko wako. Nikivuna nakwenda kupanga chumba mjini, Kashai. Dastan anajua. Za nyumbani ni zako zote, sitagusa hata punje. Lakini nimechoka kupekuliwa, Mae."

Kahigi aligeuka kutazama upande wa barabara. Nilikuwa nimebashiri sawasawa, kila neno, na moyo ukaniuma sana. Nilitaka kumwambia abaki. Nilitaka kusema mimi ni mwoga tu, nyumba ile ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Kilichonitoka ni kingine.

"Unavuna lini?"

"Majani yakianguka."

Nikainama kuyaangalia. Ya chini yalikuwa yamekwisha kuwa ya manjano.