Ubeti wa Pili

Karani wa hakimiliki alipitisha kidole kwenye daftari, akakisimamisha katikati ya ukurasa, akalifunga.

"Mzee, wimbo wako sisajili. Wewe una mwenyewe."

"Nina mwenyewe? Mimi mbuzi?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Chuma hakucheka. Ilikuwa siku ya tatu anakuja kwa miguu, soli ya kiatu cha kushoto ikipiga makofi lami nzima, wimbo uko ndani ya flashi aliyoifunga kwenye leso. Bila muhuri wa ofisi hii hakuna redio ingeupiga.

Karani akamsogezea nakala ya mkataba. "Sahihi hii si yako? 'Nyimbo zote, zilizotungwa na zitakazotungwa.' Zitakazotungwa, mzee. Mpaka meneja wako aridhie."

"Bendi yake nimeiacha huu mwaka wa pili."

"Wewe umeiacha. Mkataba haujakuacha."

Siku ile ya mkataba alitia sahihi juu ya drami ya bendi, gari la safari likinguruma nje. Meneja alisema anayetaka kusoma asome, ila gari halimsubiri msomaji.

"Lakini wimbo wenyewe unamsema yeye!"

"Basi kamwombe ruhusa ya kumsema. Anayefuata!"

Akaenda. Angefanyaje? Ofisi ya meneja ilikuwa na zulia na kiyoyozi. Aliambiwa avue viatu mlangoni.

"Chuma! Hujafa tu?"

"Aliyekufa unamjua."

Meneja akakohoa, akavaa hedifoni.

Ubeti wa kwanza ulimwita kupe. Kiitikio kilimwambia ashuke mgongoni mwa watu. Ubeti wa pili ulikuwa wa ule mfuko mweusi. Kabla ya kila onyesho meneja alikusanya simu za wanabendi humo; jukwaani hataki kengele, alisema. Mchana mmoja shemeji yake Chuma alimpigia mara kumi na moja. Ya kwanza meneja aliipokea. Shemeji akamwambia dada yake yuko taabani, anamwita mumewe. "Nitamwambia," meneja akajibu, akairudisha simu ndani ya mfuko ule. Bendi ilipiga saa mbili zaidi, roki tupu, watu wanaruka. Chuma alipofika hospitalini, mkewe alikuwa ameshafungwa kidevu kwa kitambaa.

Mguu wa meneja ulikuwa unagonga zulia. Akavua hedifoni.

"Kupe! Mzee una laana wewe. Hiki kitu kikali."

"Hujakasirika?"

"Nikasirike nini? Watu wanapenda tajiri atukanwe. Nitukane mpaka ushibe. Nautoa mwenyewe." Akavuta karibu muhuri wake na karatasi ya ruhusa. "Ila huo ubeti wa pili, hapana. Wimbo unapoa pale. Watu wataacha kucheza."

"Wimbo mzima nimeutunga kwa ajili ya huo ubeti."

"Basi kauimbe chooni kwako."

Kiyoyozi kikaendelea kutoa baridi. Chuma aliangalia vidole vyake vya miguu vilivyotoboa soksi. Alifikiri: ukishaingia redioni, watu watamjua mtunzi, watauliza, atawaeleza. Siku moja. Hakuna aliyemwambia ni lini.

"Utoe huo ubeti," alisema.

Muhuri ukashuka.

Jumatatu asubuhi wakamweka kwenye chumba cha kurekodia, kijana mwenye sauti nzuri akiimba matusi yake badala yake. Fundi mitambo akaongea kupitia spika:

"Mzee, pale palipokuwa na ule ubeti pana tundu. Sekunde arobaini. Lizibe kwa gita lako. Piga kama una hasira."

Akapiga. Alipiga jina la mkewe, alipiga simu kumi na moja, alipiga ngazi za hospitali alizozipanda mbili mbili. Ng'ambo ya kioo meneja alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa, midomo yake ikiimba kiitikio neno kwa neno: kupe, shuka.

Sekunde arobaini zikaisha. Fundi akabonyeza kitufe.

"Safi, mzee. Ila bosi anasema hapo katikati umetia huzuni. Rudia, changamka kidogo."

Akarudia. Meneja akaanza kupiga makofi, kufuata mdundo.