Kanuni Kumi na Mbili za Mlango wa Jikoni

"Mkurugenzi anafika saa saba kamili," mume alisema mbele ya kioo, akifunga tai kwa mara ya nne. "Kuku akaangwe vizuri, wali usishikane, na zile sahani za kabatini zitoke leo. Cheo changu kiko kwenye meza hiyo, umenielewa?"

Rula alikuwa amechuchumaa, akimpigia viatu rangi. "Nimekuelewa. Na kanuni je, ni zilezile?"

"Zibadilike kwa nini? Ni zilezile. Usije ukanitia aibu tu."

Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, Rula hakuwahi kupewa amri tamu kama hiyo. Alikisugua kiatu cha pili mpaka kikang'aa.

Kanuni zenyewe zilikuwa kumi na mbili, na zilikaa kwenye mlango wa jikoni tangu wiki ya harusi. Mama mkwe aliziandika kwa mkono wake, kwa wino wa buluu, mwanawe akaenda kuzifunika plastiki ofisini ili mvuke usiziharibu. Ya kwanza ilisema mke huamka kabla ya mume. Ya tatu, wanaume hula mezani, wanawake wote hula jikoni. Ya nne, mke hamkatizi mama mkwe anapozungumza. Ya tano, mwanamume haingii jikoni. Ziliendelea hivyo hadi ya kumi na mbili, iliyohusu soksi, na hiyo tukianza kuisema hapa hatutamaliza kwa amani.

Kiwandani, mume aliitwa Bwana Utaratibu. Kiwanda kilikuwa cha magodoro, naye alikuwa karani mwandamizi wa utumishi, mtu wa kupokea barua za kuomba kazi, za likizo na za kuacha kazi. Sasa kiti cha mkuu wa utumishi kilikuwa wazi, na wa kuamua nani akikalie alikuwa Mkurugenzi mpya, mwanamke aliyeletwa miezi mitatu iliyopita. Bwana Utaratibu alimvika vilemba vya ukoka wiki nzima, kisha akamwalika nyumbani aonje mapishi ya mke wake. Alijua fika kwamba bosi wake ni mwanamke. Ila kanuni zilikuwa kwake kama dari ya nyumba: alikaa chini yake kila siku na hakuwahi kuinua macho kuitazama.

Rula si jina alilopewa na wazazi. Walimwita hivyo wenzake wa ofisi ya upimaji wa ardhi, alikokuwa mchora ramani, kwa sababu alipiga mstari kwa mkono mtupu, mtu akaupima kwa rula asione kosa. Wiki ya tatu ya ndoa, mume alirudi na uso wa msiba akamwambia kwamba alipita ofisini kwake, akaambiwa wanapunguza watu na yeye yumo, asijisumbue kurudi. Rula alilia siku mbili. Kisha akaingia jikoni, na huko ndiko miaka yake ilikokwenda.

Mwezi uliopita, akitafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yao katika kabati la mume, alikuta nakala ya barua. "Ninaomba kuacha kazi kwa hiari yangu ili nihudumie nyumba yangu." Chini palikuwa na jina lake na sahihi yake. Ila Rula alizoea kumalizia sahihi kwa mshale mdogo wa kaskazini, ule unaochorwa kwenye ramani, na hapa mshale haukuwapo. Kesho yake alifunga safari mpaka ofisi ya zamani. Mkuu wa wachoraji, mvi tupu sasa, alimtazama juu ya miwani.

"Tulidhani umetuchoka, Rula. Hukuja hata kuaga."

Alirudi nyumbani hajui barabara aliivukaje. Akamkuta binti yake wa miaka tisa sakafuni, ananakili kanuni kwenye daftari la shule, bibi yake amemsimamia.

"Bibi anasema nizijue kabla sijakua," mtoto alimwambia, akiwa na fahari ya mwandiko wake.

Hapo chuki ilimkaa Rula kifuani, ikatulia. Hakutaka kupiga kelele. Alitaka kulipiza, tena kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kumwambia amekosa adabu. Akakaa kimya kama maji mtungini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nyumba ile ilishazoea kimya chake ikakiita tabia njema.

Saa saba kasoro robo gari lilisimama nje. Bwana Utaratibu alikuwa ametoka mbio kununua barafu ya soda. Rula alivua aproni, akafungua mlango. Mkurugenzi alikuwa mama wa makamo mwenye viatu visivyo na kisigino na mfuko wa matunda mkononi. Nyuma yake alisimama dereva wake, funguo kidoleni.

"Karibuni sana. Shemeji, pita mezani, kaa kile kiti kikubwa. Mama, wewe karibu huku jikoni kwetu."

Mkurugenzi alidhani hakusikia vizuri. "Jikoni?"

"Ndiyo, Mama. Nyumba hii wanaume hula mezani, wanawake tunakula jikoni."

"Dada, mimi nitasubiri garini tu," dereva alisema, akirudi nyuma.

"Shemeji, ukikaa garini nitagombezwa mimi."

Mkurugenzi alimtazama Rula usoni, akakuta uso mtulivu wa mke mwema. "Nenda ukae, dereva," alisema taratibu. "Na mimi niende huko ninakopelekwa."

Basi dereva akakalishwa kwenye kiti kikubwa, akawekewa sahani ya maua, kitambaa kilichokunjwa na mapaja mawili ya kuku. Jikoni Mkurugenzi alipewa kigoda. Mama mkwe alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha plastiki, mjukuu pembeni yake.

"Mama," Rula alisema, "huyu ndiye Mkurugenzi. Ndiye bosi wa mwanao."

Mama mkwe alimpokea kwa mikono miwili, uso umemchanua. "Bosi, na bado unajua nafasi yako! Umelelewa, mwanangu. Wangapi siku hizi wangekubali?"

Mkurugenzi alikula vijiko vitatu. Macho yake yalikuwa mlangoni. Alisoma kanuni ya kwanza hadi ya mwisho, akarudia ile ya soksi.

"Hizi nani ameziandika?"

Swali hilo mama mkwe alikuwa amelisubiri miaka kumi na mmoja. Akaeleza moja moja, na sababu zake, na jinsi mwanawe anavyozisimamia bila kulegeza. Rula aligawa wali, akamimina maji, akajaza mchuzi. Kwa neno moja tu angeweza kugeuza mazungumzo yakaenda kwenye mvua au bei ya sukari. Hakulitoa. Kanuni ya nne aliishika siku hiyo kwa moyo wake wote.

"Na usidhani alikuja hivi," mama mkwe aliendelea, akimwonyesha mkwewe kwa kidevu. "Alikuja na kazi yake ya kuchorachora, kila asubuhi mguu nje. Mwanangu ni mtu wa utaratibu. Akamwandikia yeye mwenyewe barua ya kuacha kazi, akatia sahihi, akaipeleka. Yamekwisha." Akamgeukia Rula. "Usinune, mwanangu. Ni zamani hiyo, na ona ulivyotulia."

"Sijanuna, Mama. Nikuongeze wali?"

Mkurugenzi aliweka kijiko chini. "Alitia sahihi ya nani?"

"Ya huyu! Sasa ya nani? Jioni nzima alikaa mezani akijifunza kuiandika. Mwanangu ana mkono wa barua, hujui?"

"Sasa ninajua," Mkurugenzi alisema.

Bwana Utaratibu alikuwa amerudi. Alimkuta dereva kwenye kiti chake, anatafuna paja kwa aibu kubwa na hamu kubwa zaidi. Akafuata sauti mpaka mlango wa jikoni, mfuko wa barafu mkononi, na akafika wakati wa neno "sahihi".

"Mama!" alipiga ukelele, akainua mguu kuvuka kizingiti.

"Rudi huko!" mama yake alimkaripia. "Kanuni ya tano! Unataka kunivunjia heshima mbele ya mgeni?"

Mguu ukarudi wenyewe. Alibaki pale, barafu ikimdondokea kwenye viatu vilivyong'aa. Friji ilikuwa jikoni, hatua nne tu kutoka aliposimama.

"Endelea na mgeni wako mezani," Mkurugenzi alimwambia bila kugeuka. Kisha akamuuliza Rula, "Barua hiyo ipo?"

Rula aliitoa chini ya kopo la unga. Akachukua kalamu ya mtoto, akatia sahihi yake pembeni, taratibu, na mshale wake juu. Mkurugenzi alizitazama zote mbili.

"Mkuu wa utumishi anatakiwa ajue barua ya kweli na ya uongo," alisema. "Huyu anazijua kupita kiasi." Akanawa mikono, akashukuru kwa chakula, na alipompita Bwana Utaratibu pale mlangoni akasimama kidogo. "Kiti kile nitampa mtu mwingine. Na wewe, Jumatatu uniletee maelezo kwa maandishi. Sahihi iwe yako mwenyewe."

Roho ya Rula ilisuuzika. Alifurahi bila haya hata kidogo, na alipokosha vyombo alikuwa anaimba.

"Umeniua," mume alisema gari lilipoondoka. "Kwa nini hukumweka mezani?"

"Nilikuuliza asubuhi kama kanuni ni zilezile."

"Na Mama je? Umemwacha aseme yote yale!"

"Kanuni ya nne."

Mama mkwe alikuwa bado kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. "Umeniacha nijipalie makaa, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, Mama," Rula akajibu. "Nimekuacha."

Jumatatu aliamka kabla ya mume, kama kanuni ya kwanza inavyotaka. Alivaa gauni la kazi lililokuwa limebana kidogo kiunoni. Mkuu wa wachoraji alikuwa amemwambia kwa simu kwamba ramani siku hizi zinachorwa kwa kompyuta, na kwamba mtu asiyeogopa kujifunza anangojewa saa mbili. Alimwandaa binti yake kwa shule, akachana kurasa za kanuni kutoka kwenye daftari lake, akamrudishia. Jiko lilikuwa baridi na birika tupu.

Kabla ya kutoka alisimama mbele ya mlango wa jikoni na kalamu ya wino usiofutika. Chini ya kanuni ya kumi na mbili, juu ya plastiki, aliandika kwa mistari iliyonyooka: "Ninaomba kuacha kazi kwa hiari yangu." Akatia sahihi, na mshale wa kaskazini.