Nipe Mji

Sauti yangu ilitoka ukutani ikamwambia mwanangu, "Umeshindwa. Nipe mji."

Nami nilikuwa nimekaa nyuma yake kwenye kochi, mkoba magotini, mdomo nimeufumba. Kwenye skrini kubwa kama meza ya kulia watu wanane, bibi mwenye vidole kama mizizi alikuwa amenyoosha kiganja. Macho hana, mahali pa macho pameshonwa kwa uzi mweusi. Mwanangu aligeuka akanitazama, akaitazama skrini, akanitazama tena, kama mtu aliyeitwa na mama zake wawili kwa mpigo.

"Mama, huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Mjibu upesi, hapendi kungojeshwa."

Nilisema kwa utani, lakini viganja vyangu vilikuwa vimelowa. Si kwa ajili ya yule bibi wa kwenye skrini. Ni kwa ajili ya msichana aliyesimama ukutani nyuma yetu, mikono ameikunja kifuani: mjukuu wangu, binti wa huyu huyu mwanangu. Baba na mtoto walikuwa chumba kimoja kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka juzi, na ukiondoa shikamoo moja hawajaambiana neno.

Gemu lile ni lake mjukuu wangu, yeye na wenzake. Ni gemu la watu wazima. Kwenye kasha wameandika watoto wasiliguse, na mimi mwenyewe siku niliyoonyeshwa niliomba kwanza taa iwashwe. Ni habari ya nchi ambayo jua lake limemezwa. Wewe mchezaji umebeba taa ya mwisho, unapita mji hadi mji, unapigana na viumbe ambavyo sitavieleza hapa, unanunua nguvu kwa damu yako, na kila unachochagua kinakuachia kovu. Mwisho wa safari kuna lango, na langoni kuna mimi.

Lango lilizaliwa chumbani kwangu. Tulikuwa na desturi, mimi na yeye, tukikunja nguo tunategana vitendawili. Mnaujua mchezo wenyewe: ukishindwa kutegua, unampa mtegaji mji, naye anasimulia alivyokwenda huko, alivyofika, alivyokaribishwa, ndipo anakutolea jibu. Siku moja, meno ya mbele ya utotoni yameng'oka na mengine hayajaota, akaniuliza, "Bibi, tukishampa mtu mji, wale watu waliokuwa wanakaa humo wanakwenda wapi?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Swali lile alikua nalo kama mtoto anavyokua na kovu la goti, na ndilo alilokuja kulijibu kwenye gemu. Ukishindwa kitendawili cha Bibi wa Lango, unatoa mji mmojawapo uliopita. Taa za mji huo zinazimika. Kisha watu wake wanakuja langoni kwa miguu, mmoja mmoja.

Kunirekodi kulimtesa. Kila nikisoma kitendawili, nilikuwa nalitilia mkazo neno lenye jibu ili mchezaji aokoke. "Bibi, usimsaidie," alinikemea. "Bibi wa Lango hana wajukuu." Tulirudia na kurudia mpaka sauti yangu ikaacha kuwa na wajukuu.

Lakini hiyo ilikuwa kazi ya kipaza sauti. Nyumbani niliendelea kuwa yule yule. Mwanangu ni fundi wa suti. Alimpeleka binti yake kusomea dawa. Binti akaacha chuo katikati, akasema anakwenda kuchora. Baba akasimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni akamwambia, "Ukivuka kizingiti hiki kwenda kuchora mizimu, usikivuke tena kurudi." Binti akavuka. Tangu hapo mimi ndiye posta. Baba akisema, "Mwambie mjukuu wako akale hayo mashetani yake," mimi humfikishia, "Baba anauliza kama umekula." Binti akisema, "Mwambie mimi si koti lake la kukata na kushona," mimi husema, "Anakusalimu sana, anasema usichoke." Kila mtu hulala na sukari yake. Mahali penye daraja, nani atajifunza kuogelea?

Wiki ile nilikuwa na ujumbe usiokubali sukari. "Bibi, mwambie baba naondoka Jumamosi. Kampuni ya nje imelichukua gemu, na imenichukua na mimi. Sijui nitarudi lini." Niliubeba tangu Jumatatu kama kaa la moto chini ya ulimi. Kila nikimtazama mwanangu akipiga pasi ukosi, nasema kesho. Kesho ilikuwa imefika Alhamisi.

Huwa ananileta kwa gari hapo wanapotengenezea gemu, nikarekodi, naye hungoja chini, gazeti usoni. Siku hiyo lifti ilikuwa imekufa na goti langu limegoma, ikabidi anishike mkono ngazi hadi ngazi. Mlangoni tukakutana na binti yake uso kwa uso.

"Shikamoo, baba."

Mwanangu akakitazama kitasa. "Mama, mwambie marahaba."

"Amesikia," nikasema. "Yuko hapo, si ng'ambo ya mto."

Angegeuka zake, kama si yule kijana wa sauti tunayemwita Masikio, mwenye ndevu za kutosha kujaza mto wa kulalia na vifaa vya kusikilizia ambavyo hata akila havivui. Mtu aliyetakiwa kulijaribu gemu asubuhi ile alikuwa ameomba radhi.

"Mzee, shikamoo. Umewahi kucheza gemu hata mara moja?"

"Mimi nina kazi, kijana."

"Basi ndiye wewe! Tunatafuta mtu ambaye hajui kitu kabisa!"

Sijui kwa nini alikubali. Nadhani kukaa kukitazama kioo kulikuwa kwepesi kuliko kusimama akitazamwa. Masikio akamtilia mikononi pedi yenye vitufe, na mwanangu akaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

Walimpa kipande kifupi, kilichokatwa kwa ajili ya majaribio. Alitumbukia mashimoni. Aliwapiga marafiki akidhani ni maadui, akawaomba msamaha kwa sauti. Katika Mji wa Visima kitoto kimoja cha kike kilimpa maji kwa kikombe cha bati, naye mwanangu akasema, "Ahsante, mama," akasahau kwamba si mtu. Kisha akaingia Mji wa Sindano, na hapo ndipo nilipoona mabega yake yanasimama.

Mjini humo kuna fundi mzee anayeshona sanda za watu waliouawa na giza. Futi shingoni, penseli nyuma ya sikio la kushoto. Anampima maiti taratibu, upana wa bega, kisha anasema, "Hata nguo ya kuzikiwa ina haki ya kukaa sawa begani."

Maneno hayo ni ya mwanangu. Huyasema kila mteja akimharakisha. Mkono wake ulipanda wenyewe ukagusa penseli nyuma ya sikio lake la kushoto, ukashuka.

"Huu mshono wa bega umekaa vizuri," alisema baadaye, akiwa bado anaitazama skrini. "Nani amechora?"

Masikio akafungua mdomo. Nyuma yetu mjukuu wangu alitikisa kichwa, naye akaufunga. Mimi nilikuwa tayari nimeshavuta pumzi ya kusema. Nikaimeza.

Hivyo ndivyo tulivyofika langoni. Kitendawili cha kwanza kilisema: "Nina meno mawili, natafuna kutwa, sishibi, na nilichotafuna nakiacha mezani." Na yeye, mtu aliyeshika mkasi tangu ujana, alikosa. Hofu humnyang'anya mtu hata kilicho mkononi mwake.

"Nipe mji," ikasema sauti yangu.

"Chukua huo wa Visima," akasema. "Sina mtu huko."

Masikio akaandika alichosema. Kwenye skrini, mbali, taa zikazimika moja baada ya moja. Halafu wakaja. Walitembea polepole kupanda kilima, nguo ni zile zile, lakini nyuso zimekuwa laini kama maganda ya mayai. Wa mwisho alikuwa mdogo. Mkononi ana kikombe cha bati.

Mwanangu akaweka pedi chini. "Rudisha."

"Hairudi, mzee," Masikio akasema kwa upole. "Gemu hili halina kurudi nyuma."

"Nani anatengeneza kitu kisicho na kurudi nyuma?"

Feni ya kompyuta ilivuma. Nilisikia nyuma yangu mtu akihamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Jibu la cha pili lilikuwa kivuli. Alikikosa kwa haraka, ukaenda Mji wa Kengele, mmoja wa mitatu aliyopita, na watu wake wakaja na kimya kilichozidi kile cha kwanza. Akabakiwa na mji mmoja. Kwenye kona ya skrini kidirisha cha yule fundi wa Mji wa Sindano kilikuwa bado kinawaka, naye ameinamia meza yake, hajui kama kuna mtu anamjadili.

Bibi wa Lango akaegemea mbele. Nilijua kinachokuja. Cha tatu nilikitunga mimi. Mjukuu wangu aliniomba kitu kilicho karibu na mtu kiasi kwamba hakioni, nami nilipomtegea hakuhitaji mji wala muda. "Kizingiti," alisema, kisha akaenda kutazama dirishani kwa kitambo.

"Aondokaye hunikanyaga," ikasema sauti yangu isiyo na wajukuu. "Arudiye hunikanyaga. Nami sijamuuliza mtu aendako, wala atokako."

Mwanangu alifikiri. Akasema barabara, Masikio akatikisa kichwa: barabara haikukubaliwa. Akasema kaburi. Akasema ngazi. Jasho lilimtoka mstari mmoja kutoka sikioni hadi kwenye ukosi. Kidirisha cha fundi kikaanza kupepesa.

"Mama." Hakugeuka. "Mama, wewe ndiye umesema. Jibu ni nini?"

Enyi wenzangu mliolea, mnajua uzito wa swali la mtoto wako hata akiwa na mvi. Neno lilikuwa mdomoni, limeshapanda hadi kwenye meno. Pamoja nalo lilikuwa lile kaa la Jumamosi. Ningeweza kutoa yote mawili, kwa sukari ninayoijua, na mwanangu angeokoa mji wake na kushuka ngazi, na binti angepanda ndege, na Jumapili wangeanza kuniambia kila mmoja kwa simu yake, mwambie, mwambie. Nikaukamata mkoba wangu kwa mikono miwili.

"Mama?"

Nikanyamaza. Kazi ngumu kuliko hiyo sikumbuki kuifanya, na nimezaa.

Kidirisha kilipepesa. Sauti yangu ukutani ikasema, "Nasubiri." Mwanangu akanitazama, akaona sitasema, akakiona kitu kingine usoni kwangu ambacho sikukipanga. Basi akakizungusha kiti. Kilikuwa kiti cha magurudumu, kililia. Akamtazama aliyesimama ukutani.

"Wewe," akasema. Akaanza upya. "Nimeshindwa. Niambie."

Mjukuu wangu akafungua mikono iliyokuwa imekunjwa.

"Jibu halitolewi bure, baba," akasema. "Nipe mji."

Masikio akavua vile vifaa vya masikioni.

Mwanangu aliigeukia skrini, akamwona yule mzee na penseli yake. Akainua mkono kama anayetaka kuelekeza huko. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mkono ulikuwa umerudi gotini.

"Nakupa nyumbani," akasema. "Pale kwetu. Nenda pale."

Binti akaanza, kwa sauti ile ile ya zamani ya kukunja nguo, ila inakatika katika kila neno.

"Nilikwenda nyumbani. Nikafika. Nikakaa Ijumaa kutwa." Akavuta pumzi. "Jumamosi nikapanda ndege, nikaenda mbali, kufanya kazi. Sikujua ningerudi lini."

"Jumamosi ipi?"

"Hii."

Nilimwona mwanangu akilipokea neno lile bila chembe ya sukari. Lilimwingia lote. Alitazama chini, akaondoa gotini uzi ambao haukuwepo. Nilidhani sasa atasema, Mama, mwambie. Midomo yake ilianza hivyo hasa.

"Huko uendako," akasema, "kuna baridi?"

"Wanasema ipo."

"Ipo ya kiasi gani? Ya sweta au ya koti?"

"Ya koti, baba."

Akasimama. Kiti kikagonga meza, pedi ikaanguka, hakuna aliyeiokota. Akavua futi shingoni, akaenda mpaka ukutani, akasimama mbele yake kwa umbali wa mteja.

"Simama wima. Mabega yasipande. Umekonda, bibi yako kila siku ananiambia unakula."

Binti akanitupia jicho. Nami nikatazama dari.

Alimpima bega kwa bega, akatoa penseli, akakosa karatasi, akaandika kwenye kiganja chake mwenyewe. "Na kile kitendawili?" aliuliza akiwa mgongoni kwake, pale asipoonekana.

"Nikifika nitakwambia."

Kwenye skrini taa za Mji wa Sindano zilikuwa bado zinawaka. Yule bibi mwenye macho ya uzi alikuwa amenyoosha kiganja chake kitupu, anangoja, kwa kuwa kungoja ndiko alikofundishwa. Ukutani sauti yangu ikasema tena, "Nipe mji."

"Hebu nyamaza, wewe mwanamke," nikamwambia polepole. "Kuna watu wanapimana."