Ruhusa ya Jumatatu

Mimi mtu akitulia sana wakati wenzake wana hofu, humtilia shaka. Mwaka ule wa 1948 aliyetulia alikuwa Thoya.

Tulikuwa wanane pale uwanja wa ndege Changamwe, kazi yetu kutia petroli. Mmoja humimina debe, mwenzake hushika faneli yenye ngozi laini ya kuzuia maji, maana maji yakiingia, ndege huanguka. Miaka minne nilimimina mimi, ngozi akashika Thoya.

Ndege zikapungua, kampuni ikatukata mshahara mara mbili. Tukakubaliana: Jumatatu, ndege ya Nairobi ikitua, hakuna kugusa debe mpaka mshahara urudishwe. Siri hiyo hatukuwaambia hata wake zetu.

Jumatatu tukakuta vibarua wanane wageni wameshika madebe yetu, na askari langoni. Bwana mkubwa akasema anayetaka kazi aifanye kwa mshahara huohuo, asiyetaka aende zake. Tukafyata mkia, tukarudi kazini.

Nani alisema? Wiki nzima kabla ya siku hiyo sisi tulikosa usingizi, Thoya alikuwa akipiga mluzi. Jumapili iliyofuata nikawapeleka wote Mikindani kwa mzee Nguma, mwenye kiapo cha papai. Unaulizwa kama uliitoa siri, unakana, unatafuna kipande alichokinuizia. Mwongo huvimba mdomo. Saba tulitafuna. Thoya akakataa.

"Mimi ni mtu wa kanisa, Baya," aliniambia. "Nawe wanijua."

"Akimbiaye papai ana lake," nilimjibu.

Hatukuvimba hata mmoja. Ushahidi gani tena tuliutaka? Tukamtenga, hakuna aliyekubali kummiminia. Mshika ngozi asiye na wa kummiminia hana kazi, na wiki ya pili akafutwa. Alipokuwa akitoka na kifurushi chake alinipa mkono wa kwaheri. Sikuupokea.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa karani Kamau kuomba ruhusa, mke wangu Kache alikuwa karibu kujifungua. Kamau akacheka.

"Hii ya kweli, au ni matanga tena?"

"Matanga gani?"

Akafunua daftari. "Ile Jumatatu ya mgomo wenu. Wewe uliiombea ruhusa mapema, umefiwa na shangazi huko Rabai. Mwenzako Mwarandu, mjomba. Watu saba, misiba saba, siku moja. Bwana mkubwa akashuku jambo, akawanyima nyote ruhusa, kisha akatafuta vibarua. Aliyekosa msiba ni Thoya peke yake."

Nilihisi aibu mpaka masikioni. Ni kweli niliiomba ruhusa ile, nikanyimwa, nikanyamaza. Nilitaka mambo yakiharibika jina langu lisiwemo, na nilidhani mwoga ni mimi tu. Papai halikukosea. Tuliulizwa kama tulisema, na kwa kweli hakuna aliyesema.

"Ruhusa waitaka ama huitaki?" Kamau aliuliza.

"Naitaka. Siku mbili. Moja ya mke wangu, moja niende Kisauni kwa Thoya."

"Hiyo ya Thoya niandike sababu gani?"

"Andika nakwenda kuupokea mkono nilioukataa." Kamau akaandika, kisha akaiweka kalamu chini.