Relei Haikudanganya

Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika. Mimi ni fundi wa umeme katika kituo cha kupoza maziwa hapa Emali, na jenereta yetu imeungua kwa sababu ya meneja wangu, Nzau, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu.

Jumapili iliyopita mchungaji alikuja kuiweka wakfu. Hilo sina neno nalo. Nilisema amina kama wengine. Ila Jumamosi, nikiwa kwetu Kilungu, Nzau aliamuru ioshwe kwa mpira wa maji ing'ae mbele ya waumini. Maji yakaingia kwenye koili, zile nyaya zilizosokotwa ndani yake. Nani huosha jenereta kama ng'ombe wa maonyesho?

Jumatatu stima ikapotea mji mzima. Tukawasha jenereta, relei ikaizima. Relei ni kisanduku kidogo kwenye paneli. Hupima umeme unaoingia kwenye koili na ule unaotoka. Ukilingana, hunyamaza. Ukitofautiana, basi unavujia ndani ya mashine yenyewe, na relei huizima papo hapo kabla koili haijaungua. Nzau akabonyeza kitufe cha kuirudisha, akawasha tena. Ikazima tena.

"Mzee, ndani kuna maji," nikamwambia. "Tuifungue tuikaushe siku mbili. Bado haijaharibika."

"Kathini, hii mashine imewekwa wakfu mbele ya kanisa mzima. Ndani haina kitu. Ni hiyo sanduku yako inatusumbua."

Mulki alikuwa mlangoni. Yeye huleta maziwa ya ngamia, na asubuhi hiyo lita mia tatu zake zilikuwa kwenye tangi letu, zikianza kupata joto. Akaniuliza relei inajuaje. Nikamwambia ni kama anavyohesabu mbuzi wakitoka zizini, akawahesabu tena wakifika mnadani.

"Kama wamepungua, wamepotea njiani," akasema. "Mzee Nzau, hata mimi nimeelewa. Nipee maziwa yangu. Dereva wangu Abdisamad ako na pikapu, nitapeleka Makindu wanipozee."

Nzau akakataa. Hakuna maziwa yatatoka hapa, akasema. Watu wataonaje, siku moja tu baada ya ibada? Hapo damu ilinichemka. Mama wa watu anaomba mali yake, njia ya kuiokoa iko wazi, na huyu anawaza watu wataonaje.

Mulki akatoka kumwita Abdisamad aje amsaidie kubishana. Nzau hakungoja. Akachukua bisibisi, akaingia chumba cha jenereta, akafungua paneli na kuutoa waya unaobeba amri ya relei ya kuzima. Kisha akawasha.

Taa nyekundu ya relei ikawaka mara moja. Nikamwambia azime. Akatabasamu lile tabasamu lake la kamati, kwa kuwa mashine ilikuwa inanguruma. Haikumaliza dakika. Ikalia mlio mmoja mbaya, moshi mweusi ukajaa chumba, na kitu ambacho kingekaushwa kwa siku mbili kikawa chuma chakavu.

Alasiri akaniletea karatasi niandike kwamba relei ilikosa kufanya kazi. Niliikunja nikamrudishia. Anifute akitaka.

Nikatoka nje. Nzau alikuwa amemkatalia Abdisamad pia. Maziwa yalikuwa yamechacha, na Mulki alikuwa anayamwaga mtaroni, ndoo baada ya ndoo. Nikamweleza yote: mpira wa maji, waya, karatasi. Nilimtukana Nzau hadi sauti ikanikauka. Nilitaka akasirike pamoja nami.

Akanisikiza mpaka mwisho.

"Dada, stima hakuna, na hiyo chumba haina dirisha," akasema. "Huo waya aliuona aje?"

Ningeweza kumdanganya.

"Nilimshikia tochi," nikasema. "Aliniambia nimmulikie, nikammulikia."

Mulki akachota ndoo nyingine.